Kupunga Upepo Ndani ya Miwani

Sisi watu wa mwambao tuna neno letu la kupumzika: kupunga upepo. Jua linapopinda baada ya alasiri, mzee hushika bakora yake akaelekea barazani, vijana hushuka ufukweni, nao akina mama hutandika mkeka uani wakazungumza hadi magharibi. Hakuna tiketi ya kununua wala chombo cha kutia moto. Siku hizi, hata hivyo, umezuka utulivu wa namna nyingine. Mtu huketi chumbani mwake, akajifunika macho kwa miwani kubwa mfano wa ile ya mpiga mbizi, na kwa dakika kumi au ishirini akajiona yu msituni, juu ya mlima wa theluji au chini ya bahari, ilhali hakuondoka kitini.

Teknolojia hiyo huitwa uhalisia pepe. Miwani yake imekwisha kuingia katika baadhi ya nyumba zetu, aghalabu ndani ya mizigo ya jamaa warudio kutoka Ghuba na Ulaya. Wengi huijua kuwa ni chombo cha michezo ya vijana. Lakini zimo ndani yake programu zilizotungwa mahsusi kwa kupumzisha akili, na watumiaji wake katika nchi nyingine wamekwisha kuzipima kwa miaka kadhaa. Tumeona yafaa tueleze waliyoyapata, mazuri na mabaya, ili familia inayoletewa kifaa hiki, au inayofikiri kukinunua, ijue inaleta nini nyumbani.

Kifaa chenyewe

Mbele ya kila jicho mna lenzi, na nyuma ya lenzi mna kioo kidogo chenye picha. Picha ya jicho la kulia hutofautiana kidogo na ile ya jicho la kushoto, kama yanavyotofautiana macho yetu yanapotazama kitu kimoja, na kwa sababu hiyo ubongo huona kina na umbali. Vihisi vilivyomo ndani hufuata kila mwendo wa kichwa. Ukigeuka kulia, mandhari nayo hugeuka. Ukitazama juu, waona anga. Ndipo mtu anaposahau kwamba anatazama picha, akaanza kuhisi kwamba yupo mahali pale.

Wazo hili si geni. Mwaka 1968 mwanasayansi wa Marekani, Ivan Sutherland, alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani ambacho kilikuwa kizito hata kikalazimika kuning'inizwa kutoka darini. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kabla ya kifaa cha aina hiyo kuwa chepesi na cha bei ambayo mtu wa kawaida angeweza kuifikiria. Leo miwani ya Meta Quest 3S, iliyotolewa mwaka 2024, ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 299, nayo Apple Vision Pro, iliyotoka mwaka huo huo, kwa dola 3,499. Bei hizo ni kabla ya ushuru na gharama za kuisafirisha.

Programu za utulivu ni za namna mbalimbali. Nature Treks VR humpeleka mtumiaji katika ufuo, mbuga, msitu au kilindi cha bahari, akatembea polepole, akapanda miti, bila ya kazi yoyote ya kushinda wala alama za kukusanya. Guided Meditation VR na TRIPP huongeza sauti ya mtu anayemwongoza msikilizaji katika kuvuta pumzi na kutuliza fikra. DEEP, iliyoundwa na Owen Harris na Niki Smit, ina mkanda unaofungwa kiunoni ili kupima pumzi. Mtumiaji huelea chini ya bahari ya kuchorwa, na hakuna kinachomsogeza mbele ila pumzi yake mwenyewe, ndefu na ya kutoka tumboni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, wameitumia na watoto wenye wasiwasi, kwani mtoto anayechoka kuambiwa "vuta pumzi" hukubali kuivuta akiona inamwogelesha.

Waliofaidika zaidi

Tukitazama mahali ambapo uhalisia pepe umeleta nafuu iliyo wazi, twaona jambo moja likijirudia: wengi wa waliofaidika ni watu waliofungiwa. Mwili ulikwama kitandani, au maumivu yaliwazuia, au mazingira hayakuwaruhusu kutoka.

Mfano unaojulikana sana ni wa Seattle, Marekani. Tangu miaka ya 1990, Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington walikuwa wakitafuta njia ya kuwapunguzia maumivu watu walioungua moto. Kusafisha jeraha la moto na kulibadilisha bendeji ni adhabu ambayo hata dawa kali haziiondoi yote. Walitunga dunia ya barafu waliyoiita SnowWorld. Mgonjwa huvaa miwani, akapita katika bonde lenye theluji, akirusha madonge ya theluji kwa wanasesere wa barafu na ndege wa baharini, huku wauguzi wakishughulikia jeraha lake. Wagonjwa waliripoti maumivu pungufu, na pia kwamba walitumia muda mchache kuyafikiria. Maelezo ya watafiti ni rahisi: maumivu huhitaji kuangaliwa na akili ndipo yaume sawasawa, na akili iliyoshughulishwa na jambo jingine hubakiwa na nafasi ndogo ya kuyaangalia.

Mwaka 2021 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha mfumo uitwao EaseVRx kwa watu wazima wenye maumivu sugu ya kiuno. Mgonjwa huufuata nyumbani kwa wiki 8, kwa vipindi 56 vya kati ya dakika 2 na 16, akijifunza kupumua, kulegeza misuli na kuielekeza akili. Katika jaribio la watu 179, asilimia 66 ya waliotumia mfumo huo walisema maumivu yao yalipungua kwa zaidi ya asilimia 30, ilhali katika kundi la kulinganisha, lililotazama picha bapa, waliosema hivyo walikuwa asilimia 41. Msomaji azizingatie nambari zote mbili. Ya kwanza yaonyesha kwamba ipo faida. Ya pili yaonyesha kwamba hata kutulia tu, kila siku, kwa saa maalumu, ukitazama kitu kizuri, kuna nafuu yake.

Hata nje ya dunia miwani hii imefika. Mwaka 2023 mwanaanga wa Denmark, Andreas Mogensen, alipelekewa seti yake katika kituo cha kimataifa cha anga za juu ili imsaidie kutunza afya ya akili yake wakati wa safari ya miezi. Ni mtu ambaye hata akitaka, hawezi kufungua mlango akatoka kupunga upepo.

Kwa nini picha ya mti au ya maji imtulize mwanadamu? Jibu lilianza kutafutwa kabla ya miwani hii. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo ya uchunguzi wake katika hospitali moja ya Pennsylvania. Aliwalinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa kuondolewa kibofu cha nyongo. Nusu yao walilazwa katika vyumba ambavyo dirisha lake latazama miti, na nusu katika vyumba ambavyo dirisha lake latazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walikaa hospitalini kwa wastani wa siku 7.96, na waliotazama ukuta siku 8.70, tena wa kwanza walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi. Miwani ya uhalisia pepe, basi, ni dirisha kwa yule ambaye dirisha lake latazama ukuta.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliwachosha kwa makusudi watu 96 kwa kuwaonyesha filamu ya kuchusha, kisha wakawaonyesha miamba ya matumbawe na samaki wake. Wengine waliitazama kwa televisheni, wengine kwa miwani yenye filamu ya pande zote, na wengine kwa miwani yenye bahari ya kuchorwa ambayo wangeweza kuchezea. Uchovu na huzuni vilipungua kwa wote, hata wale wa televisheni. Waliopata furaha ya ziada ni wale wa kundi la mwisho. Kwetu sisi matokeo haya yana utamu wake, kwa maana matumbawe hayo wanayochorewa watu wa Uingereza sisi tunayo hai huko Watamu, na huko Kisite-Mpunguti mbele ya Shimoni.

Tuliyoyaona nyumbani

Katika nyumba moja ya Mombasa tuliyoitembelea, ajuza aliyevunjika nyonga amelala kwa miezi kadhaa. Mjukuu wake alimletea miwani kutoka ng'ambo, akamchagulia programu ya ufukwe wa bahari. Bibi alinyamaza kwa muda, akigeuza kichwa huku na huku, mkono wake ukipapasa shuka kana kwamba anatafuta mchanga. Kisha akasema, "Mwanangu, bahari ni nzuri, mashallah. Lakini hii haina harufu ya mwani."

Alipovuliwa miwani, alianza kusimulia. Akaeleza jinsi yeye na dada zake walivyokuwa wakishuka maji yakipwa kuokota chaza, na jinsi marehemu mama yao alivyowangoja ukingoni na ndoo. Mjukuu, aliyekuwa na haraka ya kuondoka, aliketi akasikiliza karibu saa nzima. Watu wa nyumba hiyo walituambia kwamba bibi hakuwa amezungumza kwa kirefu hivyo tangu kuanguka kwake.

Walituambia na la pili. Siku nyingine bibi alivishwa miwani ile ile, programu ile ile, kisha kila mtu akaenda kwenye shughuli zake. Dakika chache baadaye aliivua mwenyewe akaiweka kando. Alipoulizwa, alijibu kwamba hakuwa na wa kumwambia alichokiona.

Jambo hili laafikiana na walivyofikiri baadhi ya wanaohudumia wazee kwingineko. Kampuni ya Rendever ya Marekani, ambayo miwani yake hutumika katika nyumba za wazee, iliutengeneza mfumo wake ili wazee kadhaa watazame mahali pamoja kwa wakati mmoja wakizungumza. Mandhari huwa chanzo cha mazungumzo, na mazungumzo ndiyo yanayobaki miwani ikishavuliwa.

Yanayowakera watumiaji

Malalamiko ya kwanza ni kichefuchefu na kisunzi. Sisi twayajua haya kwa jina jingine, kulewa bahari, na sababu yake ni dada ya ile ya chomboni. Abiria aliyeketi chini ya jahazi, asiuone upeo wa macho, masikio yake yahisi mawimbi ilhali macho yaona ubao uliotulia. Ndani ya miwani hali hupinduka: macho yaona mwendo, na kiungo cha mizani kilichomo ndani ya sikio chasema mwili umetulia. Ubongo ukipewa habari mbili zinazopingana, tumbo ndilo hulipa. Katika lile jaribio la maumivu ya kiuno, asilimia 9.7 ya watumiaji walipatwa na kichefuchefu, na asilimia 20.8 walilalamika kwamba miwani yenyewe iliwasumbua.

Usumbufu huo wa pili watokana na uzito. Miwani nyingi hufika nusu kilo, nao uzito wote huangukia paji la uso na mashavu. Katika joto la pwani yetu pana nyongeza: sponji inayogusa uso huloa jasho, na lenzi hupata ukungu. Picha isipokuwa wazi, mara nyingi kosa si la macho bali ni la umbali kati ya lenzi mbili, ambao hurekebishwa ili ulingane na umbali kati ya mboni za mvaaji. Kwa mwanamke aliyejitanda mtandio si tatizo, kwani mikanda hupita juu yake. Inatosha kuilegeza kidogo.

Lipo suala la watoto. Apple imeweka umri wa miaka 13 kuwa wa chini kabisa kwa Vision Pro. Meta nayo ilikuwa na umri huo huo hadi mwaka 2023, ilipowaruhusu watoto wa kuanzia miaka 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Mtoto mdogo kuliko hapo asivishwe, hata kama analia. Mwenye kifafa, au aliyewahi kuzimia kwa sababu ya mianga inayomweka, amwone daktari kwanza.

Lipo pia suala la sitara. Miwani nyingi za sasa zina kamera za nje zinazotazama chumba ili kifaa kijue ukuta ulipo na kiti kilipo. Zaidi ya hayo, mwendo wa kichwa na mikono ni kama alama ya kidole. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba, kati ya watu 511, kompyuta iliweza kumtambua mtu kwa usahihi wa asilimia 95 kwa kutumia chini ya dakika tano za miendo yake. Nyumba yenye kuchunga faragha yake yapaswa kusoma mipangilio ya faragha kabla ya mtu yeyote kuvaa, na kuzima kila ruhusa isiyohitajika. Vilevile, baadhi ya programu za kutafakari zimechota maneno na mazoezi yake katika mila na dini za Mashariki ya mbali. Mzazi azisikilize mwenyewe kwanza. Asiyezitaka atapata nyingine zenye mandhari na pumzi tu.

La mwisho ni upweke. Televisheni hutazamwa na nyumba nzima, na hata simu yaweza kuwekwa chini mgeni akibisha hodi. Aliyevaa miwani ametoka nyumbani ingawa mwili wake umo. Haoni uso wa mtoto anayemjia, wala hajui nani ameingia. Kwa mgonjwa anayesafishwa jeraha, kutoka huko ni rehema. Kwa baba aliyerudi kazini amechoka, ambaye watoto wamemngoja tangu asubuhi, ni habari nyingine.

Mizani ya kutumia

Kutokana na haya, twaona kwamba kifaa hiki ni cha kutumiwa kama dawa, kwa kipimo na kwa sababu. Kwa familia itakayokitumia, tunashauri yafuatayo.

Kwanza, mtumiaji mpya aketi kwenye kiti madhubuti, tena aanze na programu ambayo mandhari imetulia, ambamo yeye ndiye anayegeuza kichwa wala hasogezwi. Dakika tano zinatosha siku ya kwanza. Akihisi jasho jembamba au tumbo kuvurugika, avue mara moja. Kujikaza huongeza madhara.

Pili, maelekezo ya usalama ya miwani ya Oculus, ambayo leo huitwa Meta Quest, yalishauri mapumziko ya dakika 10 hadi 15 kwa kila dakika 30 za matumizi. Kipimo hicho kifuatwe, na mtu asiendeshe gari wala pikipiki hadi kichwa kitulie kabisa.

Tatu, sponji na lenzi zipanguswe kila inapobadilisha mvaaji, lenzi kwa kitambaa kikavu na laini. Miwani isiachwe dirishani wala ndani ya gari. Lenzi zake hukusanya miale ya jua na kuunguza vioo vya ndani, na hasara hiyo haitengenezeki.

Nne, isichukue nafasi ya daktari. Mwenye huzuni ya muda mrefu, asiyelala, au mwenye maumivu yasiyojulikana chanzo chake, ahitaji kutazamwa na mtaalamu. Wala mgonjwa asiache dawa zake kwa sababu amejisikia vyema ndani ya miwani.

Tano, na hili ndilo tunalolikazia zaidi, mgonjwa au mzee asivishwe akaachwa peke yake. Mtu akae karibu, amshike mkono, amuulize anaona nini, na baada ya kuivua amsikilize. Ikiwa nyumba ina dakika ishirini za kumtunza, bora kumi ziwe za miwani na kumi za mazungumzo kuliko zote ishirini kuwa za miwani.

Na kwa yule mwenye miguu mizima, bahari ingali pale pale, haina bei, na harufu ya mwani inayo. Kabla ya kuagiza miwani kwa ajili ya mzee wenu, ulizeni kwanza kama yapatikana gari ya kumfikisha ufukweni hata mara moja kwa wiki, na kiti cha kumkalisha kivulini maji yakijaa. Wengi wa wazee wetu waliojifungia ndani hawakukatazwa na daktari kutoka; wamekosa tu mtu wa kuwatoa. Huyo akipatikana, miwani ibaki kwa siku za mvua, na kwa wale ambao kitanda kimewashika kweli.